Ndeke wa manjano

Jumatatu
Binamu yangu wa Beni amenitumia ndege wa manjano kwa pikipiki. Kibarua kinasema: canari halisi. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54, na motari amedai nauli ya abiria mzima kwa kuwa ndege alipiga kelele tangu Maboya. Kwetu ndeke ni ndege wa mtini, tena ni eropleni ya Mavivi kwenye uwanja. Jirani ameshauliza nimelipa tiketi dola ngapi.

Jumanne
Darasani wametaka maana ya canari. Nimewaeleza: ndege amepewa jina la visiwa vya Canarias, mbele ya pwani ya Maroko, ambavyo Wahispania waliviteka karne ya 15. Visiwa navyo, kwa maelezo ya Plinio Mzee wa Roma, jina lao limetokana na mbwa wakubwa, maana kwa Kilatini mbwa ni canis. Daftari moja limeandika: "Canari: mbwa anayeimba." Nimelipa alama nusu.

Jumatano
Mbwa wa jirani amelala chini ya tundu usiku kucha, akibweka. Kwa upande wa asili ya neno, haki anayo. Kwa upande wa usingizi, hapana.

Alhamisi
Mgeni wa parokia, mtu wa Côte d'Ivoire, amesikia nina canari na kuja kuiona. Huko kwao neno hilo ni chungu cha udongo cha kuwekea maji.
"Inapoza vizuri?" ameuliza.
"Anaimba tu."
"Basi ina ufa."
Tumeendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Tundu alilipita bila kuligeukia.

Ijumaa
Ndege amechana jani la mgomba nyuzi nyuzi na kuanza kufuma. Kichwa cheusi, mgongo wa madoa, macho mekundu. Mzee anayeuza mkaa amemtazama mara moja: "Huyu ni mnana. Ndio wanamaliza majani ya mingazi." Nimempigia binamu.
"Haiko jaune?"
"Iko jaune."
"Sasa?"
Nimemweleza kwamba hata canari wa porini huko visiwani ana ukijani na michirizi ya kahawia. Manjano matupu ni kazi ya wafugaji wa Ulaya. Amesema basi wa kwangu ni bora, wa kwangu amezaliwa nayo. Sina jibu, na muda wa maongezi umeisha.

Jumamosi
Nilikuwa nikimweleza mtoto wa mama mwenye nyumba kwamba jamaa wa canari huku Afrika tunamwita chiriku. Mama alikuwa nyuma ya ukuta. Chiriku pia ni mtu asiyefunga mdomo.
"Mwalimu, ni mimi unaita chiriku?"
Amezungumza juu ya jambo hilo hadi saa sita. Kodi imekumbukwa pia.

Jumapili
Kiota kimekamilika, mlango chini, kama inavyotakiwa. Dume hufuma, jike hukagua. Akikataa, dume hubomoa na kuanza upya. Jike hapa hayupo, ila dume wangu amebomoa vilevile. Majani yamekwisha, kwa hiyo amevuta nyuzi za kanzu ya kwaya iliyoanikwa karibu, na mkono wa kushoto sasa unaishia kwenye kiwiko. Kiongozi wa kwaya amekuja kuuliza nani atalipa. Nimempa namba ya Beni.