Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Kuhusu Bando

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu, na kabla hujazipokea, niwie radhi kwa kuzileta. Najua meza yako imejaa, na mwalimu wa Njoro si mtu wa kuisogelea bila kupiga hodi mara tatu. Nimepiga.

Kwanza, shukrani. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kuwasili mwaka 2016 vilikuwa tableti, nasi hatukuona sababu ya kubishana kuhusu jina. Pamoja nazo zilikuja projekta, sava na rauta. Rauta hiyo, Mheshimiwa, ni kifaa chenye adabu sana: inasambaza masomo yaliyomo ndani ya sava hadi dawati la mwisho, na kwa shule nyingi safari yake inaishia hapo ukutani, maana intaneti haikuja na mzigo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014 alifanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, mwaka 2025. Subira yake imetufunza sisi walimu wake.

Hata angani hatukusahauliwa. Julai 2020, shule zikiwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, maputo ya Loon, mradi wa kampuni mama ya Google, yalianza kushusha intaneti kutoka kilomita 20 juu, na kaunti yetu ya Nakuru ikatajwa miongoni mwa maeneo yaliyofikiwa. Januari 2021, mwezi uleule watoto wote waliporudi madarasani, ikatangazwa kwamba mradi unafungwa. Silalamiki. Lilikuwa puto.

Niruhusu pia nikutajie jirani yetu. Machi 2019 Mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Keriko, kijijini Pwani, hapahapa Njoro, alishinda Global Teacher Prize huko Dubai, dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, kwa hiyo alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, kisha anarudi kufundisha bila mtandao. Dunia ilimpigia makofi, na alistahili. Ila katika makofi yale, kwa unyenyekevu wote, sikusikia mtu akiuliza pesa za saiba zilitoka mfuko gani.

Siku hizi intaneti imeingia shuleni, lakini kwa mlango wa ofisi. Tathmini za mtaala wa CBC hupakuliwa kutoka tovuti ya baraza la mitihani, KNEC, zikachapishwa, zikasahihishwa, kisha alama zikapandishwa mtandaoni, mtoto baada ya mtoto. Walimu wengi hutumia simu zao na bando lao. Mwanafunzi haoni mtandao. Anaona karatasi, na mwalimu aliyesimama dirishani akitafuta netiweki.

Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na tayari chaki na stima zinaugombania. Ombi letu ni dogo hata naona haya kuliandika: kwenye mgao huo uwekwe mstari mmoja wa intaneti, wenye pesa zake, usiomegwa kutoka kwenye chaki. Na ikiwa hazina haina, basi, kwa hisani yako, muda wa kupandisha alama usogezwe hadi mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi, Njoro