Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu ya Uingereza

YAH: KILWA KUOMBA NAFASI DARASANI, CASTLE VALE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Awali ya yote, Wizara inastahili pongezi kwa mtaala wake wa mwaka 2013, ulioimaliza Afrika ya kale ya kusini mwa Sahara kwa mstari mmoja. Mtoto wa shule ya msingi, kati ya miaka 7 na 11, sharti asome jamii moja isiyo ya Ulaya. Mwalimu achague: Baghdad ya mwaka 900 hivi, Wamaya wa wakati huohuo, au ufalme wa Benin wa kati ya 900 na 1300. Akichagua Baghdad, Afrika hiyo itamsubiri mtoto kwingine.

Hiyo miaka nayo imepimwa kwa ustadi. Sanamu za Benin zilizovuma duniani nyingi ni za kuanzia karne ya 16, na wanajeshi wa Uingereza walizipora mwaka 1897. Somo linafungwa mwaka 1300, karibu miaka 600 kabla askari hao hawajapiga hodi. Uungwana ulioje!

Kilwa inakiri upungufu wake. Ilipiga sarafu zake yenyewe na kushika biashara ya dhahabu ya Sofala, lakini ilikosea pwani: iko mashariki mwa Afrika. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta akafika 1331. Wote wamechelewa usajili.

Ombi likisubiri muhuri, Wizara itume mkaguzi Castle Vale, kaskazini mashariki mwa Birmingham. Mtaala uleule unaagiza watoto wasome historia ya mahali wanapoishi, na hapo haihitaji kutafutwa. Mtaa ulianza kujengwa 1964 juu ya uwanja wa ndege wa Castle Bromwich, jirani na kiwanda kilichounda zaidi ya nusu ya ndege zote za kivita za Spitfire. Shule za msingi za Chivenor na Topcliffe zina majina ya vituo vya jeshi la anga. Ghorofa ndefu zilikuwa 34. Bomoabomoa imebakiza mbili. Kwenye kiplefti cha hapo, Spitfire tatu za metali, kazi ya msanii Tim Tolkien, zinapaa tangu mwaka 2000.

Mtoto mdadisi atauliza: nani alizilipia ndege hizo? Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Spitfire moja ilitangazwa kwa pauni 5,000, na makoloni yakapitishiwa bakuli. Basutoland, yaani Lesotho ya leo, ilichanga hadi kikosi namba 72 cha jeshi la anga kikapewa jina lake. Kikosi namba 91 kilibeba jina la Nigeria. Siku ya kuchanga, hakuna aliyeambiwa kwamba yeye ni jamii isiyo ya Ulaya, asubiri kipindi chake. Pesa zao zimo katika historia ya Castle Vale. Wenyewe wamewekwa rafu nyingine.

Mkaguzi akiwa na nafasi, apite pia mtaa wa masonara wa Birmingham. Pana saa iliyosimamishwa 1903 kukumbuka ziara ya Joseph Chamberlain Afrika Kusini. Meya huyo wa zamani wa Birmingham, wakati huo Waziri wa Makoloni, alipitia Mombasa Desemba 1902 na kupanda reli ya Uganda. Mwaka uliofuata serikali aliyomo ikawapa Wazayuni ofa ya ardhi Afrika Mashariki, katika Kenya ya leo. Wenyeji hawakuulizwa. Haya nayo ni historia ya Birmingham, isipokuwa kama Wizara inaona yalitokea mbali mno.

Kwa hiyo Wizara ichague, kama inavyowachagulisha walimu: iiongeze Kilwa kwenye orodha, au iwaache watoto wa Castle Vale wafuate risiti za ndege zao hadi zinakofika. Njia ya pili haihitaji hata kitabu kipya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwombaji, kwa niaba ya Kilwa

Nakala: Halmashauri ya Jiji la Birmingham, walinzi wa magofu ya Kilwa Kisiwani; Ibn Battuta, kwa taarifa tu.