Farasi 280 Uani

Dalali aliapa kwamba gari lilikuwa la ajuza wa Kijapani, akilitumia kwenda sokoni tu. Subaru Impreza WRX STI ya 2006, buluu, rimu za dhahabu, boneti ina tundu la kuvuta hewa, nyuma bawa linalotosha kuanikia nguo za mtoto. Breki ni Brembo. Ajuza huyo, kama yupo, nyanya zake zilikuwa zikifika nyumbani zimeshakuwa rojo.

Baba Neema, mtu wa kuhesabu hata vipande vya sabuni, hakuwa anasikia la mtu. Wiki nzima ilikuwa historia: 1996 Kenneth Eriksson kawa wa pili Safari Rally kwa Impreza, 1997 Colin McRae kashinda kabisa. "Kwenye vumbi na mawe ya Kenya, Mama Neema, siyo lami ya Ulaya!" Nikamjibu kwamba wale walikuwa na kundi zima la mafundi nyuma yao. Sisi tuna mmoja, na akishashika hela simu yake haipatikani.

Lakini hoja zake hazikuwa za kipuuzi zote. Tairi zote nne zinavuta, na njia yetu ya Goba masika tunaijua. Milango ni minne, gunia la mkaa linaingia. Injini ni ya lita mbili tu, akasema, sawa na ya jirani. Hapo nikachukua daftari la duka. Ya jirani haina turbo wala haitoi nguvu za farasi 280, na haikuundwa kwa kutegemea petroli ya oktani 100 ya Japani. Nikaandika bima kubwa, maana gari la namna ile huwezi kulilaza nje kwa bima ndogo ukapata usingizi. Mkanda wa taimingi unataka kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na risiti dalali hana. Halafu tochi za trafiki: 30,000 kila kosa, na mguu wa mume wangu ninaujua.

Jumamosi likaletwa tulijaribu. Mama mkwe, aliyekuja mjini kwa kliniki ya magoti, akasema habaki nyumbani. Kiti cha mbele ni cha mbio, kimechimbwa katikati, kina kuta huku na huku; akaingia kwa kudumbukia. Matuta ya kwanza alisoma dua kwa sauti. Barabara iliponyooka Baba Neema akakanyaga. Turbo ikasita kidogo, kisha nguvu zote zikaja kwa mkupuo, na dua ikakatika.

Kurudi, hakushuka. Si kwa kukataa: alishindwa. Dalali akavuta mkono mmoja, mwanawe mwingine, mimi nasukuma kutokea upande wa usukani, watoto wa mtaa wamejaa getini wanatoa ushauri. "Na huyo ajuza wenu," akauliza katikati ya kuvutwa, "alikuwa anashukaje humu?" Dalali akainama kutafuta ndala yake.

Fundi alikuja jioni. Kwanza alilalamikia plagi: silinda zimelala, mbili kulia mbili kushoto, na kuzifikia lazima mkono uchubuke. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akakionyesha kimya: oili haikufika hata alama ya chini. Akawasha, akatega sikio. "Kaka, injini hizi zikikosa oili, beringi za krenki ndizo zinazolia kwanza. Hiyo hapo inagonga."

Dalali akapunguza milioni mbili pale pale, bila kuombwa. Mimi kilichonitisha ni huo wepesi, kuliko hata kugonga kwenyewe kwa injini.

Baba Neema akasema tungoje mwisho wa mwezi. Kabla haujafika tukasikia limeshapata mteja, kijana mmoja wa chuo. Mume wangu alikaa kimya mpaka taarifa ya habari ikaisha, kisha akaniuliza kama naijua Forester ya turbo. Nayo boneti ina tundu, akasema, lakini viti viko juu. Mama atashuka mwenyewe.