Maandazi ya Dubu

Lewiston, Maine, mwishoni mwa Septemba

Kaka yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu na taadhima kwako, kwa shemeji, kwa watoto, na kwa majirani wote wa Mutanga Sud wanaoulizia hali yangu kila Ijumaa, nakuomba jambo moja kabla sijaanza. Najua kwamba waraka huu utausoma kwa sauti barazani baada ya laasiri, Mama akiwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, uso wake umeelekea ziwani na sikio lake limeelekea kwako. Basi mahali nitakapoandika «hapa pana vumbi», wewe kohoa kidogo, usome kwa macho tu mpaka utakapokuta nimeandika «vumbi limetulia», kisha uendelee kwa sauti ile ile kana kwamba hapakuwa na neno. Ulikuwa hodari wa kuruka mistari tangu chuoni, na maalimu hakukukamata hata mara moja.

Mliniuliza siku za mapumziko nafanya nini. Najifunza kutafuta dubu.

Neno hili sisi tunalo, ila mwenyewe hatuna. Lilikuja na Waarabu, likashuka pwani pamoja na tende na tasbihi, likapanda bara na misafara mpaka likawafikia babu zetu wa Buyenzi, ilhali mwenye jina akabaki kwao asijue kama anatajwa. Wenzetu wa Kanisa wanamfahamu zaidi kidogo, kwa kuwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme dubu wawili majike walitoka mwituni wakawararua vijana 42 waliomcheka Nabii Elisha kwa upara wake. Nami tangu niliposimuliwa kisa hicho sijathubutu hata kutabasamu mbele ya jirani yangu, ambaye kichwa chake kinang'aa kama sinia ya harusi.

Jirani huyo ndiye chanzo cha mambo yote. Ni mzee mstaafu, ambaye babu zake walishuka kutoka Quebec kuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo vilivyokuwa vikiendeshwa kwa maji ya mto Androscoggin, na yeye akalelewa katika Kifaransa kabla hajajua Kiingereza. Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza kwa simu, alitoka kibarazani mwake amevaa kandambili, machozi yakimlengalenga, akanisalimu kwa Kifaransa ambacho lau walimu wetu wa kule wangalikisikia wangalitafuta fimbo. Nami nikamjibu kwa changu, ambacho yeye asema ni cha karani wa mahakama. Hivyo tukawa ndugu. Na ndugu huyu, mwezi wa saba ulipokuwa unamalizika, akanialika msituni, si kwa bunduki, maana bunduki mimi sikuishika wala leseni sina, bali kwa cheo cha mchukuzi wa ndoo. Mama, usihofu: mwaliko wa jirani haukataliwi, wewe mwenyewe ulitufundisha.

Sasa dubu yuko wapi? Jimbo hili peke yake linaizidi Burundi yetu zaidi ya mara tatu kwa ukubwa, watu wake hawafiki milioni moja na nusu, na sehemu karibu tisa katika kumi za ardhi yake ni msitu. Huko kaskazini liko pori liitwalo North Maine Woods, milki ya makampuni na watu binafsi, lenye eka milioni 3.5, yaani kadiri ya nusu ya Burundi nzima, nawe ukitaka kuingia unapita langoni, unaandikisha jina na kulipa ada, na ndani yake magari ya magogo ndiyo masultani wa barabara, wala usifikirie kuona baiskeli imening'inia nyuma ya mojawapo kama wafanyavyo vijana wetu kwenye mlima wa Bugarama. Serikali imeligawa jimbo lote katika wilaya 29 za wanyamapori, na kila mwaka huandika ni dubu wangapi waliopatikana wapi. Lakini kujua kwamba wilaya fulani ina dubu wengi ni sawa na kuambiwa kwamba shangazi yako yumo Tanzania.

Nikaanza kuuliza watu, nikidhani kwamba kuuliza si ujinga. Kila mwindaji niliyemwuliza alinielekeza upande ambao yeye haendi. Ni wale wale wavuvi wetu wa Kajaga, ambao ukiwauliza samaki wao wa mukeke wametoka wapi wanakuonyesha Kongo kwa kidevu. Kijana mmoja kazini alinipa maelekezo kamili, mpaka jina la mji, Orono, kwenye chuo kikuu cha jimbo, akasema dubu wa huko hakosekani. Nami nilipomletea jirani yangu habari hiyo kwa furaha, alicheka mpaka akashika mbavu, kwani dubu wa Orono ni mtu aliyejitia ndani ya vazi la manyoya ili kushangilia michezo, na jina lake ni Bananas. Jina nililipenda. Mnyama aitwaye Ndizi ana haki ya kudai uraia wa Burundi.

Nikajifariji kwamba hata wakubwa walioneshwa njia. Theodore Roosevelt alipokuwa kijana alikuja papa hapa Maine, mwaka 1878, akajifunza pori kwa Bill Sewall wa Island Falls. Na alipokwisha kuwa rais, akaenda Mississippi mwaka 1902 kuwinda dubu, aliyemtafutia mnyama alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye alimkamata dubu kwa kamba na kumfunga mtini, rais akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa, magazeti yakachora kikatuni, na kutokana na kikatuni hicho wakatengeneza yule dubu wa manyoya ambaye binti yako analala naye. Rais akapata sifa ya huruma, mwanasesere akapata jina la rais, na Collier, aliyemtafuta na kumfunga dubu mwenyewe, hakutajwa dukani. Miaka saba baadaye Roosevelt huyo huyo akateremka Mombasa, akapata msafara mzima wa wapagazi, asiulize njia hata mara moja, maana walikuwapo wa kumwongoza. Mimi nimekuja kwao na ndoo.

Jirani akanifundisha kwamba dubu hatafutwi. Kinachotafutwa ni chakula chake. Mnyama huyu atalala majira yote ya baridi bila kula, kwa hiyo mwishoni mwa kiangazi hula kama mtu aliyeambiwa kwamba Ramadhani ijayo ni ya miezi mitano na haina futari. Basi unatazama matunda madogo kama forosadi yaliyoota mahali palipokatwa miti. Unatazama visiki vilivyopasuliwa kwa ajili ya sisimizi. Na zaidi ya yote unatafuta mti mmoja wa gome laini la kijivu, ambao mzee huuita hêtre, wenye mbegu za pembe tatu zilizojaa mafuta, na ukiona gome limekwaruzwa kucha tano tano kwenda juu, ujue kwamba mwenye kucha alipanda kula. Halafu kuna kinyesi. Mzee wa miaka sabini na tano, mwenye magoti mabovu, asiyeweza kuinama kufunga kiatu chake, nilimwona akipiga magoti msituni mbele ya rundo moja, akilichambua kwa kijiti kwa makini ya sonara aliyeletewa dhahabu ya mashaka, kisha akanyanyua uso wenye nuru na kusema: «Jana jioni. Matunda.» Nikamwambia hongera. Sikujua lingine la kusema.

Rundo hilo, hata hivyo, lilikuwa mpakani mwa shamba la mtu, na miti ya shamba ilikuwa imepakwa mistari ya rangi ya zambarau, ambayo hapa, kisheria, maana yake ni kwamba usipite bila idhini. Mzee akasema tuondoke. Mwenye shamba amemnyima ruhusa miaka sita mfululizo. Nikamwuliza alimwomba vipi. Akasema aliteremsha kioo cha gari, akauliza, «Naweza kuwinda kwako?», akajibiwa hapana, akapandisha kioo. Kaka, nilishikwa na haya kwa niaba yake. Nikamwambia angoje garini.

Nikaenda kwa miguu mpaka mlangoni, nikapiga hodi tatu, nikarudi nyuma hatua mbili kama inavyopasa. Alipotoka nikavua kofia, nikamwuliza hali yake, nikamwuliza hali ya watu wa nyumbani, nikawaulizia ng'ombe, ambao niliwaona njiani na ambao kwa hakika walistahili kuuliziwa, kwa sababu mimi ni mtu wa nchi ambayo ng'ombe huuliziwa kabla ya mume. Nikamsifu kwa ghala lake, nikampa pole ya mvua, nikamweleza nilikotoka na wazazi wangu ni akina nani, na hapo tulikuwa bado hatujafika kwenye shida yangu. Bwana yule mwanzoni alinitazama kama mtu anayengoja kuuziwa kitu. Baada ya robo saa alikuwa anasimulia upasuaji wa goti lake. Baada ya nusu saa mkewe alileta vikombe. Nilipotaja dubu, akasema, «Dubu? Anakula mahindi yangu. Mchukueni!» Nikarudi garini na ruhusa iliyoandikwa na boga kubwa kama mtungi, nikamkuta mzee amekwisha maliza kahawa yake na yangu, na anataka kupiga simu polisi akidhani nimeuawa.

Hapa pana vumbi.

Kaka, chambo cha dubu ni maandazi. Sisemi kwa mfano. Ni yale maandazi yao ya mviringo yenye tundu katikati, yaliyopakwa sukari mpaka yanameta, ambayo yakilala dukani siku mbili tatu huuzwa kwa ndoo na kwa pipa kwa wawindaji, wakayamwaga msituni kabla msimu haujafunguliwa, yakakolezwa na asali ya miwa na mafuta machakavu ya kukaangia, ili harufu isafiri. Mwenye kuweka chambo hana budi kutundika kibao chenye jina na anwani yake, kwa hiyo pori limejaa mikahawa midogo yenye wenyewe. Wapo waliolikataa jambo hili, na mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2014, wananchi wa Maine waliitwa kupiga kura ya maoni kama lipigwe marufuku, na mara zote mbili wengi wakasema liendelee. Sisi tulioitwa mwaka 2005 na mwaka 2018 kupigia kura katiba, hebu tufikiri: taifa lililofika hadi ya kupigia kura maandazi. Na ndani ya pipa lile, Mama aliyetufundisha kuokota kipande cha mkate kilichoanguka, tukakibusu na kukiweka juu ya ukuta, angeona maandazi ya kutosha Idi mbili za mtaa mzima. Nilibeba ndoo, nikamwaga, nikaomba maghufira. Kisha nikamkumbuka Gustave, mamba wa mto Rusizi, jinsi Mfaransa Patrice Faye na wenzake walivyomtegea kizimba cha chuma chenye mnyama ndani naye akakipuuza, nikapata tumaini kwamba hata dubu huenda akawa na akili.

Vumbi limetulia.

Basi tukangoja. Dubu hana haraka, na sheria inamsaidia. Jumapili katika jimbo hili ni haramu kuwinda, tangu karne ya kumi na tisa. Na kwa kuwa mimi Ijumaa nipo msikitini, na mzee bila mchukuzi hawezi kwenda, dubu wa shamba lile alipata mapumziko mara mbili kwa juma, moja la Kikristo na moja la Kiislamu. Siku zilizobaki tulikaa juu ya kijukwaa kilichofungwa mtini, tukiliwa na mbu, tumekatazwa kukohoa, kusogea na kuvaa manukato, na mzee akinionya kwa ishara kila tumbo langu liliponguruma. Dubu hakuja. Kamera iliyofungwa kwenye mti wa jirani ikatuonyesha kwamba yuaja kila siku, saa nane usiku, ambapo ni marufuku kupiga, maana ruhusa huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kukoma nusu saa baada ya kuchwa. Ni mweusi tii, mkubwa, amekaa kitako kama mzee barazani, na katika picha moja anaitazama kamera kama mtu aliyeletewa hesabu ya mkahawa. Mzee ameniahidi paja, akimpata. Nimekwisha mweleza kwamba mwenye chonge kwetu haliwi, akasema atanipa ngozi.

Hapa pana vumbi tena, na safari hii ukohoe sana.

Mama aliponielekeza kwa simu namna ya kukaanga maandazi yake ya iliki na tui, hakujua nayataka kwa kazi gani, nami sikumwambia. Niliyakaanga ishirini, yakaumuka vizuri, nikayapanga pembeni mwa pipa kando ya yale ya dukani, nikiamini kwamba kiumbe yeyote mwenye pua atafahamu. Picha zipo. Alikuja saa nane, akayainamia ya Mama, akayanusa moja moja kwa muda mrefu, akalishika moja kwa kucha, akalirudisha mahali pake. Kisha akageuka akala ya sukari mpaka akalamba pipa. Asubuhi mzee aliyakuta yote ishirini hayakuguswa, yamelowa umande kidogo. Akaonja moja, akakaa chini. Hakusema kitu mpaka alipobakiza manne, ambayo alimpelekea mkewe.

Vumbi limetulia.

Mama, shikamoo. Maandazi yako yalitoka vizuri, yalifika msituni salama, na yameliwa yote. Halikubaki hata moja. Mzee wa hapa anauliza iliki kiasi gani.

Wasalaam,
mdogo wako