Maharage Yaliyogoma Naivasha

Jumamosi jioni mtoto wa hema la jirani alisimama kando ya jiko langu, akachungulia sufuriani, kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Anko, unafua soksi?"

Nilikuwa napika maharage. Nilikuwa nayapika tangu adhuhuri, na sasa jua linazama, jukwaani wanajaribu vipaza sauti, maji ya sufuria yamegeuka kijivu yenye povu, kwa hiyo mtoto simlaumu kwa alichokiona. Namlaumu kwa sauti. Mahema ya pande zote yalisikia. Shemeji yangu alisikia, na huyo alikuwa akiingoja sentensi ya namna hiyo tangu tulipopanda treni Mombasa.

Chakula kilitugombanisha kabla hata tiketi hazijalipiwa. Lilikuwa tamasha la muziki la mwisho wa wiki, watu wanalala kwenye mahema kando ya Ziwa Naivasha, na mpwa wangu aliyetualika alitupa maelezo mafupi: kila mtu ajisimamie, abebe au anunue. Shemeji alikuwa upande wa kununua. "Tunakwenda tamasha," aliuliza, "au tunahama?" Mke wangu alitusikiliza sote wawili, akasema yeye atabaki nyumbani. Mimi nilikuwa upande wa kubeba. Nilishasikia kwamba sahani ya chipsi kule ni shilingi mia tano, nikapiga hesabu ya milo yetu hadi Jumapili, nikaona pesa hizo zinatosha kukodi shamba tukalima viazi wenyewe. Nikafunga maharage, mchele, unga, mayai, vitunguu, maparachichi na nazi. Na mbuzi.

Msomaji wa bara asishtuke. Mbuzi ya kukunia nazi ni kigoda cha mbao kinachokunjwa, chenye ulimi wa chuma wa meno uliochomoza mbele. Unakikalia, unasugua kifuu, nazi inashuka. Bila mbuzi hakuna tui, na maharage bila tui ni chakula cha bweni. Mbuzi ilichukua nafasi kubwa kwenye mkoba, nafasi ambayo ingetosha sufuria ya presha. Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana shemeji hajalisahau.

Sasa, kabla hamjacheka zaidi, tuzungumze kuhusu hewa.

Mombasa, usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu, na huko hewa inayoyakandamiza maji kwa juu imepungua uzito, basi maji yanapata ruhusa ya kuchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Unaona mapovu, unasikia kelele, unadhani kazi inaendelea. Ongeza moto utakavyo, maji hayapandi zaidi ya hapo. Yanaruka tu na kukukaushia sufuria. Ndiyo kazi ya sufuria ya presha: inafungia mvuke ndani, kanieneo linapanda, maji yanafika hadi nyuzi 120 bila kutoroka. Nyuzi sita ni kitu gani, mtasema. Kwa chai si kitu. Kwa maharage ni mchana mzima, kwa sababu chembe za punje zimegandishwa pamoja na gundi ya asili iitwayo pektini, na kulainika kwa haragwe ni kuyeyuka kwa gundi hiyo, ambayo haina haraka hata kwenye nyuzi 100.

Tena kuna maharage na maharage. Yale yaliyokaa stoo muda mrefu penye joto na unyevu, na Mombasa hatuna stoo ya aina nyingine, yanafanya jambo la ajabu: kalisi na magnesi zilizomo ndani ya punje zinaikamata pektini na kuifunga, na kuanzia hapo unaweza kuyaloweka usiku kucha, yatavimba, yatakupa matumaini, lakini moyo wake umeshaamua. Dawa yake bibi zetu waliijua bila maabara, nayo ni magadi. Sodiamu ya magadi inaingia, inazifukuza kalisi na magnesi, gundi inaachia. Sasa tazama ukatili wa jiografia: nimechuchumaa ndani ya Bonde la Ufa, na kusini yangu, ndani ya bonde hilohilo, kuna ziwa zima la magadi, lenye kiwanda na reli yake, na mimi sina hata nusu kijiko.

Haya yote niliyasoma kwenye simu, mwiko mkononi, na yalinisisimua kuliko chochote kilichopigwa jukwaani wikendi ile. Nilijaribu kumweleza shemeji. Aliniuliza kama pektini inalika.

Kisha moto ukaanza kunywea. Nilikuwa na vikopo vya gesi vilivyonunuliwa Nairobi, vile vidogo vya kusokotewa jiko juu yake, na ndani yake, kwa sehemu kubwa, ni butani. Butani ni kioevu ndani ya kikopo na inageuka gesi kuanzia kama nyuzi sifuri. Lakini kila inapogeuka gesi inalipa kwa joto, na joto hilo inalichota humohumo kwenye kikopo. Ukipika muda mrefu kikopo kinapoa, kikipoa gesi inatoka kwa uvivu, na jioni ya Naivasha ikishaanza kushuka nyuzi zake, chuma kinaota umande na mwali unabaki wa kubembeleza. Hakikuisha! Ukikitikisa unasikia kioevu kinacheza ndani. Kimechoka tu. Mapendekezo ni kukikalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Maji pekee ya uvuguvugu pale kambini yalikuwa ndani ya sufuria ya maharage. Basi shemeji akapewa kazi ya kukaa na kikopo cha akiba kwapani, ndani ya jaketi, tukawa tunabadilishana: kimoja kinapika, kimoja kinakumbatiwa. Kuni hazikuruhusiwa. Na ni katika hali hiyo, shemeji mkono umembana ubavuni, mimi nikipuliza povu, ndipo yule mtoto alipokuja na swali lake la soksi.

Mtu mwingine angesema basi, tuyale hivyohivyo, tutafune kiume. Haiwezekani. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya lektini. Punje chache tu zinatosha kukutapisha ndani ya saa chache. Inavunjwa kwa kuchemsha kwelikweli, kwa dakika kumi au zaidi, na ukiyapasha kwa moto hafifu usiofika kuchemka inaweza hata kuzidi makali. Mimi nilikuwa na moto hafifu. Na mtu aliyekwisha kuviona vyoo vya tamasha siku ya pili hachezi bahati nasibu na tumbo lake.

Mtoto alirudi na bakuli. "Mama amesema mkule."

Ilikuwa githeri, ya moto, yenye dania juu. Mama yake, ambaye sasa namhesabu miongoni mwa wahandisi wakubwa wa nchi hii, alichemsha mahindi na maharage yake jikoni kwake, akavigandisha kwenye kontena, akavipanga ndani ya boksi la barafu. Tangu Ijumaa githeri ile ilikuwa ndiyo barafu yenyewe: imepoza maziwa, imelinda nyama, na Jumamosi ilipofika zamu yake ya kuliwa ikawa imeyeyuka kiasi cha kupashwa tu. Hakununua hata pande moja la barafu. Hakubeba mbuzi. Mtu wa Pwani ana msimamo wake kuhusu githeri, na huo wangu nimeutetea kwenye harusi na kwenye matanga. Niliomba nyongeza.

Mengine nitayapitia mbio. Mahamri ya hiliki, yaliyokusudiwa kuwa kifungua kinywa hadi Jumapili, hayakufika Mtito Andei. Mkate ulichukuliwa na tumbili, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Langoni mlinzi aliiona mbuzi, akaita mwenzake, ikabidi niikalie na kukuna nazi ya kuwazia huku foleni ikinitazama. Aliyesema akiba haiozi hakuwahi kufungia parachichi ndani ya hema la nailoni. Mayai sitaki kuyazungumzia.

Mtadhani shemeji alishinda. Hata yeye alidhani hivyo, mpaka tulipokwenda kununua.

Tamasha lina malango mawili, na hili hawakuambii wakati unajadiliana na nduguzo kama ubebe au ununue. Lango la nje linaingia kambini. Hapo unaweza kupita hata na gunia la viazi. Lango la ndani linaingia penye muziki, na hapo hakipiti kitu: si chupa ya maji, si sambusa, si peremende. Sasa njaa ya tamasha haiji saa saba mchana ukiwa hemani na sufuria yako. Inakuja saa nne usiku, umesimama katikati ya watu, bendi uliyoifuata ndiyo kwanza inapanda jukwaani. Ukirudi hemani utaikosa. Kwa hiyo aliyebeba atanunua tu, na aliyenunua atanunua tena. Swali letu lote la Mombasa lilikuwa limeshajibiwa na mtu aliyechora ramani ya uzio.

Na hununui kwa pesa. Unafungwa bangili ya kitambaa mkononi, unaitia pesa kibandani, halafu unaigusisha kwenye mashine ya muuzaji. Hapa nakubali, kifaa kile ni kizuri. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na chipu ndogo, na hakina betri kabisa. Mashine ya muuzaji inatoa uga wa sumaku unaotetema kwa megahezi 13.56, koili ikiukaribia inapata umeme kidogo kutoka hewani, chipu inaamka, inajitaja, inalipa, inalala tena. Kwenye mifumo mingine salio lenyewe limeandikwa humo ndani ya chipu, ndiyo maana biashara haisimami hata maelfu ya watu wanapoulemea mtandao wa simu uwanjani. Nilishangaa sana, nikamwomba kijana wa kaunta aigonge tena nione vizuri. Akaigonga. Ilinikata mara ya pili.

Nilipofika kwa mama wa chipsi nilikuwa tayari nimevimba, nikamuuliza haoni haya kuuza viazi mia tano. Hakukasirika. Alisema nafasi ile ya meza yake aliilipia kabla hajamenya kiazi kimoja. Umeme analipia, maji ananunua, na kila bangili inapolia kuna asilimia inayokatwa kabla hajaiona. Pesa yenyewe ataipata tamasha likishakwisha, wakishapiga hesabu zao. "Ndugu yangu," aliniambia, "mia tano ni yako wewe. Mimi siijui." Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilichukua chipsi zangu nikanyamaza. Zilikuwa baridi. Kule ufuoni, nyuma ya waya wa umeme, viboko walikuwa wametoka majini kwa mlo wao wa usiku, kama kilo 40 za nyasi kila mmoja, na hakuna aliyewafunga bangili.

Tangu hapo sicheki tena, naomba niseme wazi. Nchi hii watu wanatumiana pesa kwa simu tangu mwaka 2007. Muuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara ana nambari ya kulipia, na ukimtumia anasikia mlio kabla hujamaliza kuchagua hindi. Hakuna mtu aliyeshindwa kulipa chipsi hata ikabidi abuniwe bangili. Bangili imebuniwa ili pesa ifike kwa mwenye tamasha kabla ya chakula kufika kwako, ipitie kwake ikienda kwa mama wa chipsi, na ile itakayobaki ibaki kwake. Tena hukubaliwi kuitia kiasi unachotaka. Kuna kima cha chini, na kima hicho, kwa bahati tu bila shaka, hakigawanyiki sawasawa kwa bei ya kitu chochote kinachouzwa mle ndani.

Mimi nimebakiwa na shilingi mia na themanini. Kuna utaratibu wa kurudishiwa, hawajatunyima haki: unajaza fomu kwenye tovuti yao, unaandika nambari iliyo nyuma ya bangili kwa maandishi ya kusomwa kwa hadubini, unasubiri. Ada ya kurudishiwa ni shilingi mia mbili. Nimepiga hesabu hiyo mbele ya shemeji, mbele ya mpwa, na mbele ya mke wangu aliyebaki nyumbani akala vizuri. Wote wamekubaliana kwamba nikifuatilia haki yangu hadi mwisho nitadaiwa ishirini.

Nimewaandikia kuuliza kama hiyo ishirini wataipokea kwa simu au ni lazima nirudi kuitia kwenye bangili. Jibu lilifika papo hapo: ujumbe huu umetumwa na mashine, tafadhali usijibu.