Miadi na Majani

Mama watoto ameamua: mwaka huu akiba yetu inakwenda Japani kutazama majani. Kijiweni niliulizwa kama nafuata gari, maana kwa Mtanzania mwenye akili timamu Japani ni mahali magari yanakotoka. Nikasema hapana, tunafuata majani ya miti. Huwa mekundu kule Kyoto mwishoni mwa Novemba, halafu yanapukutika. Walinyamaza kwa adabu, kama watu walioletewa habari za mgonjwa.

Uani kwetu pana mkungu. Majani yake nayo huiva yakawa mekundu kabla ya kudondoka, na anayenikabidhi fagio kila yanapotapakaa ni huyuhuyu mama watoto. Nimeokota moja zuri kabisa nikampelekea jikoni: tazama, Kyoto hii hapa, bila nauli. Hakugeuza hata shingo. "Baba, hizo ni taka. Zoa."

Ningekubali yaishe kama majani ya Wajapani yangekuwa na tarehe. Hayana. Wekundu huanzia milima ya Hokkaido, kaskazini, mwezi Septemba, ukateremka kusini kwa mwendo unaoutaka wenyewe. Kyoto unaweza kuingia katikati ya Novemba, au mwishoni, au ukajivuta mpaka Desemba. Majani yanangoja usiku upoe, na miaka ya karibuni usiku nao umekuwa mgumu kupoa. Kampuni za hali ya hewa za huko hutoa utabiri wa majani, zikausahihisha, zikausahihisha tena. Mama watoto anaufuatilia kuliko anavyofuatilia ada za shule.

Sasa mkwamo uko hapa. Jani halijui litageuka lini, lakini viza inataka ratiba ya safari ya siku kwa siku: tarehe fulani uko wapi, unafanya nini, unalala wapi. Mimi Jumamosi ijayo tu siijui. Kwenye mstari wa tarehe 26 niliandika "itategemea majani". Mama watoto akafuta, akaandika Tofuku-ji, hekalu lenye daraja la mbao juu ya bonde zima la miti hiyo. Inatakiwa na taarifa ya benki, na ile ya kwangu naionea huruma kuivusha mlango wa ofisi ya watu.

Nikapendekeza tarehe 23, tuonane na jani tumalizane. Kumbe siku hiyo ni sikukuu ya kitaifa, Siku ya Shukrani kwa Kazi. Wajapani wanapumzika, na wengi wanakwenda kupumzikia palepale chini ya miti. Vyumba vinajaa na bei inapanda. Pasi ya treni ya siku 7 nayo ilikuwa yeni 29,650, ikapandishwa Oktoba 2023 ikawa yeni 50,000. Treni ya mwendo kasi hutoka Tokyo ikafika Kyoto kwa saa mbili na dakika chache. Nikauliza kama hakuna basi la usiku. Lipo. Nikatazamwa kwa namna ambayo sikuuliza tena.

Halafu baridi. Alfajiri za Kyoto wakati huo hushuka mpaka nyuzi 6 hivi, na mimi nikiwekewa feni namba tatu huomba shuka. Ikabidi niende soko la Karume kutafuta koti. Muuzaji alilichomoa chini kabisa ya rundo: jeusi, zito, zipu inapanda mpaka kidevuni, na mfukoni mna risiti ya maegesho ya nchi za watu. Akanivisha mwenyewe na kunifunga. Mvua ya vuli ilikuwa imetoka kunyesha, jua limerudi kwa hasira, jasho likanitiririka mgongoni mpaka kwenye ndala. Watu wakasimama kutazama. Aliponitajia bei nikamaka.

"Kijana, tangu lini mtu akanunua kitu hiki Dar es Salaam?"

"Si wewe hapo, mzee."

Nikalipa.

Na baada ya gharama zote hizo, mchana wenyewe mfupi. Mwishoni mwa Novemba jua la Kyoto huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Watu tunaunganisha ndege mbili, hakuna ya moja kwa moja kutoka Dar, ili tukafukuzane na jua linalowahi kulala kuliko kuku.

Ila nisiwe mtovu wa shukrani, kuna jambo moja sina la kulisema vibaya. Japani wametutangulia saa sita kamili. Kwa hiyo saa ya ukutani kule ikionyesha 4, nyumbani Dar ni saa nne, iwe ya asubuhi au ya usiku. Hesabu yetu ya saa, ambayo wageni huilalamikia kila siku, kule inasoma saa ya nyumbani bila kujumlisha wala kutoa. Nilimweleza mama watoto ugunduzi huu kwa furaha. Akaniuliza kama nimeshanunua soksi.

Sijanunua. Kwa hiyo, msomaji, kama unazo za sufu ambazo huzihitaji Novemba hii, niazime. Zisiwe na matundu tu: kule mahekaluni viatu huvuliwa.