Spesa, Nazi na Mkia wa Swift

Ugomvi wa nyumbani kwetu Kitomanga ulihusu vidole viwili. Huo ndio unene wa spesa ambazo mama mkwe alitaka ziwekwe kwenye springi za gari la mwanawe, ili liache kulamba matuta na kumtonesha kiuno. Mume wangu alikataa. "Mama, gari hili limeundwa chini makusudi," alisema. Mama akamjibu, "Na matuta yetu nayo yamejengwa juu makusudi, mwanangu."

Gari lenyewe ni Suzuki Swift Sport ya 2008, iliyotoka Japani na kulipiwa kila kitu bandarini Dar es Salaam, pamoja na ushuru wa uchakavu. Kwa mbali utadhani ni Swift yoyote ya kupeleka watoto shule. Ukiingia ndani mambo ni mengine: injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 125, gia tano za mkono, springi ngumu, matairi mapana ya 195/50 kwenye rimu za inchi 16, na mwili mzima hauzidi sana tani moja. Ni ukoo ulioanzia kwa magari kama Golf GTI ya 1976: gari la familia lenye buti na viti vya watoto, ila lipo tayari kukimbia. Mwaka 2007 Msweden Per-Gunnar Andersson alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana wa mbio za magari kwa Swift iliyotengenezwa kwa mashindano. Mume wangu hawezi kumaliza chakula cha usiku bila kuitaja habari hiyo, nami huisikiliza kwa furaha, kwa sababu nimeliendesha gari hilo na ninajua anachokipenda. Ukikata kona linageuka lote kwa pamoja, mbele na nyuma.

Mama alishinda. Shemeji yangu, mwenye kirikuu ya kubebea mizigo, alimpata fundi mmoja, na jioni ile ile gari lilirudi limesimama wima kama mbuzi. Matuta yakapitika. Lakini kwenye kona likaanza kulala ubavu, kwa kuwa uzito ulikuwa umepanda juu huku upana wa magurudumu ukibaki ule ule. Alaimenti haikupimwa, na ukinyanyua springi, pembe za magurudumu hubadilika. Baada ya muda tairi za mbele zikawa zimelika upande wa ndani. Fundi akaweka mpya mbili mbele, zile za zamani zikabaki nyuma. Ndivyo wengi wafanyavyo: mbele ndiko injini inakosukuma, kwa hiyo mbele ndiko wanakoweka tairi nzuri.

Ikaja harusi ya Lindi mjini. Viroba vya nazi vikapakiwa kwenye buti mpaka gari likakalia nyuma. Mama mkwe akakaa mbele, mimi na binti yetu nyuma. Mvua za kwanza za mwaka zilikuwa zimeanza, zile zinazoinua mafuta na vumbi la miezi kutoka kwenye lami na kuifanya iteleze kuliko mvua za katikati ya msimu. Tulipita Mchinga salama. Kwenye kona moja ya mteremko, mume wangu aligeuza usukani na gari likaendelea kwenda moja kwa moja, kana kwamba halikusikia. Akaachia mafuta ghafla. Hapo pua ikaingia ndani ya kona kwa nguvu na mkia ukatoka nje. Niliona mikorosho ikipita kwenye kioo cha mbele, mahali pa barabara. Aligeuza usukani kule mkia ulikokwenda, lakini ulikuwa umeshatutangulia. Tukasimama majanini, tumetazama Kitomanga.

Hakuna aliyeumia. Mama mkwe alimaliza dua yake, akauliza, "Nazi zimepona?"

Nimelifikiria sana tukio lile, kwa kuwa mwanangu alikuwamo. Tairi hushika barabara kwa kadiri linavyokandamizwa. Nazi zilikandamiza nyuma na kuinyanyua pua, ndiyo maana usukani haukutii. Alipoachia mafuta, uzito ulikimbilia mbele: tairi mpya zikauma lami, na za nyuma zikapunguziwa mzigo ghafla wakati bado zinatakiwa kuzuia viroba vyote vile visiendelee na safari yao. Na zilikuwa vipara. Ndiyo maana wataalamu wa matairi hutaka tairi nzuri ziwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Pua ikiteleza, unapunguza mwendo taratibu na mara nyingi inarudi. Mkia ukiteleza, wachache wana ujuzi wa kuurudisha.

Binti yetu ndiye aliyechutama kando ya gurudumu la nyuma akasoma tarakimu nne ubavuni: 1410. Wiki ya 14 ya mwaka 2010. Mpira wa umri ule umeshakauka, hata kama mistari ingekuwa imebaki.

Spesa zimetolewa. Matairi manne mapya yamefungwa, alaimenti imepimwa, na upepo tunajaza kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, si kwa kukisia. Nazi zinapanda kirikuu ya shemeji. Mume wangu sasa anapunguza mwendo kabla ya kona, ndani ya kona mguu wake unatulia, na gari linageuka kama lilivyogeuka siku ya kwanza.

Tuta la shuleni bado halijapata dawa. Tunalipita mshazari, gurudumu moja moja, na mama mkwe analalamika mpaka upande wa pili. Kiuno ni chake, ana haki. Shemeji anapendekeza bamba la chuma la kukinga sampu. Nimekubali, ila nimemwambia alipime uzito kwanza, maana litakaa mbele.